Kicheko cha Mama Kilichohamia Homa Bay

Nilikwenda Homa Bay kwa sababu ya wivu. Nasema mapema, msomaji asije akadhani nilisukumwa na kiu ya elimu. Nilikuwa nafunga kliniki yangu ya meno hapa Suna, Migori, mpwa wangu aliponitumia picha kwenye simu. Ilitoka kwenye ukurasa wa kliniki ya Awuor, kule Homa Bay. Mwanamke mzee amekaa kwenye kiti cha daktari, ameachama anacheka mpaka macho yamefumba, na meno yake ya juu yanameta. Mwanamke huyo ni mama yangu mzazi.

Awuor tulisoma naye udaktari wa meno, tukalala chumba kimoja bwenini. Tangu afungue kliniki yake ya kupendezesha meno, mabibi harusi wa Suna wanapita mlangoni pangu wakielekea kwake. Hilo nililimeza. Lakini mama! Mama ambaye hajawahi kuketi kwenye kiti changu hata kwa mzaha! Alipokuwa msichana aling'olewa meno sita ya mbele ya chini, kama Wajaluo walivyowafanyia watoto wao zamani. Desturi hiyo tunaiita nak. Miaka yote nimembembeleza nimtengenezee meno ya kuziba pengo lile, naye hufunika mdomo kwa leso na kuniambia, “Tutaona, nyathina.” Nyathina, yaani mwanangu. Kumbe mwana anaambiwa tutaona, huku macho ya mama yapo Homa Bay.

Kulipokucha nilimwambia msaidizi wangu kwamba naenda kutafuta vifaa, nikawasha gari. Karibu na Awendo nilikwama nyuma ya trekta lililobeba miwa, likienda kama lililokodiwa na Awuor. Nikapata nafasi ya kufanya mazoezi ya maneno yangu. Ningeanza na adabu ya kazi: mgonjwa ambaye mwanawe ni daktari wa meno, unamgusaje bila hata kumpigia simu mwenzako? Nilijibishana na usukani mpaka Rongo.

Rongo nilisimama kunywa chai. Mama muuza chai ananijua, maana nilimng'oa gego.

“Daktari, mbona umenuna asubuhi yote hii?”

“Sijanuna.”

“Haya. Basi chai ni moto, usijichome na huko kutonuna kwako.”

Nilipofika Rodi Kopany nilikuta bango lenye sura ya Awuor, kubwa kuliko kibao cha barabara, meno yote nje. Nikaongeza mwendo.

Homa Bay mjini, kliniki yake iko ghorofani, na dirishani unaona ziwa. Dirisha langu mimi linatazama duka la mbolea. Msichana wa mapokezi alinikaribisha vizuri, kisha akanitazama mdomoni. “Dada, umekuja kung'arisha?” Mimi! Nilitaka kumwonyesha vyeti vyangu vyote, lakini Awuor alitoka akanikumbatia kabla sijafungua kinywa.

“Achieng nyar Karungu, binti wa Karungu! Umepotea wewe!”

“Nimepotea wapi, na mama yangu ndiye ameonekana huku?”

Akacheka, akanishika mkono, akanitembeza. Roho iliniuma kwa kila kifaa. Ile rojo nzito ya kuchukulia umbo la meno, inayowafanya wagonjwa wangu watake kutapika, yeye ameiacha. Ana skana ndogo, anaipitisha mdomoni, na meno yanatokea kwenye skrini yakiwa yamesimama kama yalivyo. Meno yaliyopinda anayanyoosha kwa vifuniko vya plastiki ambavyo mtu akivaa huvioni. Anayetaka maganda ya kauri ya kubandikwa juu ya meno hachongwi jino siku hiyo. Anabandikiwa kwanza ya mfano, anaenda nayo nyumbani, anazungumza nayo, anacheka nayo mbele ya watu wake, kisha anarudi kusema kama bado anayataka.

“Na weupe?” nikauliza, nikitafuta kosa.

“Weupe wa sinki la choo umepitwa na wakati. Siku hizi mtu anataka aonekane ni yeye, ila amelala vizuri. Na mwanya nikiukuta siuzibi mpaka nimemuuliza mwenyewe. Wengine wanakuja kuutafuta!”

Nilitikisa kichwa kama mtu anayeyajua hayo yote. Mengine niliyajua. Kuyajua na kuwa nayo ni mambo mawili, na yeye alikuwa nayo. Nikashindwa kuvumilia.

“Awuor, mama yangu umemwekea meno ya chini bila kuniambia?”

“Achieng, ile picha uliiangalia vizuri kweli?”

Akaiweka kwenye skrini, akaikuza. Pengo lilikuwepo. Meno sita ya chini hayakuwepo, kama yasivyokuwepo maisha yangu yote. Kilichofanywa kilikuwa juu: jino la mbele lililomeguka limejengwa, na madoa ya kahawia ya maji ya kisima yamefifishwa bila kuchonga. Kazi safi. Ningeweza kuifanya mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

“Kwa nini hukumalizia na chini?”

“Hakutaka. Nilimuuliza amekuja kutafuta nini, akasema madoa ya juu yanamwaibisha. Akicheka, watu wanaona uchafu kabla ya kuona nak yake. Picha pia ni yeye aliyesema niiweke, wenzake waione.” Akatabasamu. “Si wewe uliyekuwa ukituimbia bwenini, jino la pembe si dawa ya pengo?”

“Na kwa nini hakuja kwangu?”

“Hilo kamuulize mwenyewe.”

Mchana sikurudi njia ya Rongo. Rodi Kopany nilikata kona nikashika barabara ya Ndhiwa mpaka Karungu, ambako mama huanika omena, wale dagaa wa ziwani. Kabla sijafunga mlango wa gari nilisikia kicheko chake. Alikuwa amekaa na wanawake wa rika lake, wote wenye pengo lilelile, kinywa wazi, mikono magotini. Akageuka akaniona. Leso ikapanda mdomoni.

Kumbe leso ile alikuwa akiipandisha kwa ajili yangu mimi peke yangu.

Wenzake walinisalimu wakatupisha. Nikamuuliza waziwazi kwa nini alikwenda kwa Awuor na mimi nipo.

“Kwa sababu wewe ukiniona unaona kazi,” alisema. “Tangu utoke chuo hujanitazama machoni, Achieng. Unanitazama hapa.” Akagusa mdomo wa chini juu ya leso. “Siku niliyong'olewa sikulia. Bibi yangu alinisifu kwa kila aliyepita. Wewe unataka kupaziba. Yule aliniuliza nataka nini.”

“Kuuliza tu, mama? Hata mimi ningeuliza!”

“Basi uliza.”

“Mama, unataka nini?”

Akafikiri kama aliyeulizwa jambo la serikali. “Nataka ukae ule. Umekuja na hasira, na hasira haipiki.” Akacheka. Leso ilipanda, ikafika kidevuni, ikakaa hapo.

Suna nilirudi jua likizama, bila kifaa chochote. Skana bado sina, ingawa naiwazia. Nilichokuja nacho ni swali moja, na siku hizi ndilo ninaloanza nalo kwa kila mgonjwa kabla sijawasha taa ya kiti: umekuja kutafuta nini? Wengine wananishangaa. Wengine wanakaa muda mrefu kabla ya kujibu, kwa sababu hawajawahi kuulizwa.

Baadaye mama alikuja mwenyewe, akakwea kiti changu, akajilaza.

“Unataka nini leo, mama?”

“Safisha ya juu. Nyuma angalia kama kuna lililooza. Pengo langu salimia tu.”

Nilisalimia. Alicheka mpaka macho yakafumba, na leso ilikuwa magotini. Nikatoa simu haraka. “Mama, tulia hivyo hivyo, nikupige picha.”

“Ya nini?” akasema. “Ile ya Homa Bay nilitoka vizuri.”

Nikairudisha simu mfukoni, nikachukua kioo changu, nikaendelea na kazi.