Kuni Zilizonifika Kifuani

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Juzi hapa Turwa nilimwona shemeji yangu akitikisa mtungi wa gesi, akilalamika kwamba baridi ya mwaka huu imeumaliza upesi kuliko ya mwaka jana. Nikamkumbuka mama.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, baridi ikikaribia, tulikuwa tumemaliza kupanga kuni jikoni. Zilinukia utomvu. Mdogo wangu mchanga alikuwa mgongoni kwa mama, akikohoa.

“Mura, simama hapo,” mama aliniambia.

Nikaegemea rundo la kuni, kama alivyonipima mwaka uliotangulia.

“Mwaka jana zilikufika masikioni,” alisema. “Sasa ni kifuani tu.”

“Nimekua!” nikaruka. “Mwakani zitanifika kiunoni!”

“We mtoto, usiniombee hayo.”

Alicheka kidogo, kisha akatoa kijinga kimoja mekoni, akakizima kwenye majivu, akamwongezea mtoto khanga. Nilidhani mama alikizima kwa kuwa anaona joto. Tangu siku hiyo tukalala wote kitanda kimoja, mtoto katikati, nami nikadhani mama amezidi kutupenda.

Sasa najua nilikuwa nimekua kidogo tu. Kuni ndizo zilizopungua, na mama alihofia hazitamvusha yule mtoto baridi hiyo.

Alivuka. Siku hizi ananipita urefu, na ananicheka.

Kwenu baridi mliipima kwa kitu gani? Naomba mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, lakini nitamaliza.