Mkebe wa Managu Ukweni

Munyi wa Manyatta hakuwahi kushuku mashine yoyote maishani mwake. Alikuwa ameketi miaka mingi nyuma ya mizani ya kiwanda cha kahawa, akisoma mshale na kutangaza kilo, na kama yupo aliyeushuku mshale ule, basi alikuwa mkulima, si yeye. Ndiyo maana siku alipopanda ngazi za jengo moja mjini Embu, akapewa kijiti cha chuma akishike, na kompyuta ikalia ting, hakuuliza swali. Alingoja kilo zake.

"Fangasi," alisema Kiunga, mwenye mashine, kijana wa koti jeupe na viatu vyenye ncha. "Tumbo lako limejaa fangasi, mzee. Ni hamira hiyo. Kama ile ya maandazi. Inaumuka humo ndani."

Munyi alilitazama tumbo lake kwa heshima mpya.

Tumbo lenyewe lilikuwa na historia yake. Tangu astaafu, kila kikohozi, kila jino, kila kidole kilichojikwaa, Munyi alikipeleka duka la dawa sokoni na kununua vile vidonge vya rangi mbili. Alimeza vichache, akapata nafuu, na vilivyobaki akavitia mfukoni mwa koti vingojee kikohozi kijacho. Mwaka haukuisha tumbo likaanza kujaa upepo na kunguruma, na lilikuwa na tabia ya kungoja maombi ya kimya kanisani ndipo litoe hoja zake.

Kiunga alimpa mkebe wa plastiki uliojaa unga wa kijani. Bei yake Munyi hakumwambia mkewe, Ruguru, na Ruguru hakuuliza, kwa sababu alimwona mbuzi wao akiondoka. Pamoja na unga kulikuwa na masharti. Sukari marufuku. Mkate, chapati, ugali, viazi, maziwa, maembe, ndizi, vyote marufuku, na zaidi ya vyote, chochote kilichochachuka. Kilichobaki kuliwa ni kile ambacho mbuzi yule angekula, kama angekuwepo.

Mtu mwingine angefunga mdomo na kuumia kimyakimya. Munyi alikuwa mtu wa umma. Jirani yake Njura alikuja asubuhi moja kuazima jembe.

"Toa ulimi," Munyi alimwambia.

"Munyi, nimekuja kuomba jembe."

"Toa ulimi kwanza."

Njura, ambaye alilihitaji jembe kweli, akautoa.

"Mweupe," Munyi alisema kwa huzuni. "Wamekuingia."

"Huo ni uji, bwana! Nimetoka kunywa uji saa hii."

"Ndiyo njia yao."

Jumapili alimkamata mchungaji mlangoni akamuuliza kama mkate wa meza ya Bwana umetiwa hamira, akimkumbusha kuwa wana wa Israeli walitoka Misri bila hamira na hakuna aliyesikika akilalamika tumbo. Mchungaji, aliyekuwa na harusi mbili na mazishi wiki ile, alisema ataliombea jambo hilo. Kufikia hapo Munyi alikuwa amepungua hata suruali yake ikawa inashikiliwa na mshipi na imani.

Ruguru akachoka, akampeleka hospitali. Daktari alikuwa msichana anayeitwa Mukami, mpole, mwenye foleni ndefu nje ya mlango. Alimpima sukari kwenye damu, akaikuta sawa. Alipima choo, hakuona la kutisha. Kisha akauliza habari za dawa, na Munyi akatoa mfukoni vidonge vya rangi mbili vya vikohozi kadhaa, vingine vimeshikana na pipi.

"Mzee, fangasi hao wanaishi ndani ya kila mtu," Mukami alieleza. "Hata mimi ninao. Wakiwa wachache hawasumbui, kwa sababu kuna bakteria wema wanaowabana. Ukimeza hizi dawa ovyo unawaua majirani wema, fangasi wanapata shamba lisilo na mwenyewe. Lakini hata hivyo siwezi kusema ndio wanaokusumbua. Upepo wa tumbo una sababu nyingi. Acha hizi dawa za kujinunulia, kula chakula kama watu, urudi tukuone."

Walipotoka nje Munyi alisimama kwenye ngazi, akamshika Ruguru mkono.

"Umesikia kwa masikio yako? Hata daktari wamemwingia."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi Munyi aishe kama sabuni. Lakini mwanawe wa pekee, Gedion, akatangaza kuwa anaoa. Gedion aliuza mipira ya kunyunyizia maji mashambani, na kazi ilikuwa imempeleka Mitunguu, kwa mkulima mmoja wa ndizi aitwaye Mwongera, ambaye alikuwa na shamba la kunyunyiziwa na binti aitwaye Lorna. Gedion alilinyunyizia shamba lile muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Sasa ilibidi wazazi waende kuposa. Na ukoo wa Mwongera ulikuwa na desturi yake: kabla neno lolote halijasemwa, baba wa kijana huletewa kibuyu cha ucuru, uji uliosagwa na kuchachushwa na mama wa binti kwa mikono yake. Hunywa yeye kwanza, ndipo kizunguke. Kama hakunywa, hakuna kilichozungumzwa. Kukataa uji ni kumkataa binti.

"Baba, kunywa tu kidogo," Gedion alimsihi. "Please. Mama yake Lorna ameshaanza kuuchachusha."

"Ameuanza lini?"

"Juzi."

"Juzi!" Munyi alifumba macho, akiwaona wakiumuka.

"Baba Gedion," Ruguru alisema polepole, kwa sauti ile ambayo mwanamke hutumia mara chache katika ndoa, "huyu ni mtoto wako mmoja. Hana mwingine wa kumwendea posa."

Munyi alitikisa kichwa kwa namna isiyokuwa ndiyo wala la. Usiku ule alichemsha mwenyewe managu yake, mboga chungu ya majani, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizi, akayajaza kwenye ule mkebe uliokuwa na unga wa kijani. Asubuhi aliutia katika mfuko wa ndani wa koti lake la posa. Mpango ulikuwa mzuri: angegusa uji kwa midomo, na wakati wa chakula angejitenga kidogo nyuma ya migomba na kula kwa amani.

Mitunguu jua halina adabu. Walipokelewa chini ya turubai lililofungwa kwenye ukuta wa nyumba, na kila walipogeuza macho kulikuwa na mikungu ya ndizi imeegeshwa kama walinzi. Wenyeji walikuwa Waimenti na wageni Waembu, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, kila upande ukikivunja kwa namna yake. Msemaji wa wenyeji alikuwa mzee Kobia, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyeketi kwenye posa nyingi na kuziona zikiharibika kwa njia nyingi.

Alice, mama yake Lorna, akaleta kibuyu, akampa Munyi kwa mikono miwili, akarudi kusimama mlangoni mwa jikoni. Uji ulinukia vizuri. Hilo ndilo lililomtisha Munyi. Alikiinua, akaegemeza kichwa nyuma, akakaa hivyo kwa muda wa heshima, akakishusha na kujifuta midomo.

"Koo lako halikusonga, muthoni," alisema Kobia.

"Unasemaje?"

"Nimekutazama koo. Halikusonga. Kunywa, mkwe wetu, usituonee haya."

Munyi akacheka kicheko cha mtu mwingine. Akainama kumpa kibuyu aliyekuwa kando yake, koti likafunguka, na mkebe ukatoka mfukoni kama mtoto aliyechoka kujificha. Ulidunda, ukabingirika, ukafunguka kifuniko, ukasimama miguuni pa Cicily, nyanya yake Lorna, managu yakichungulia.

Kuku wawili wakayasogelea.

"Amekuja na chakula chake," alisema Mwongera, baba wa binti, kana kwamba anasoma kibao cha barabarani.

"Kwetu," Kobia alisema taratibu, "mtu akibeba chakula kwenda kwa watu, kuna kitu anakiogopa. Tuambie, muthoni. Katika nyumba hii unaogopa nini?"

Jibu lilijulikana na kila mtu na halikutamkwa na yeyote. Neno sumu likitoka kinywani mwa mtu kwenye posa, wajukuu hawazaliwi.

"Si hivyo, wazee!" Munyi aliharakisha. "Hapana! Ni fangasi tu. Wamo kwenye huu uji. Uji umejaa fangasi!"

Jikoni sufuria ilianguka. Haikujulikana kama ilianguka yenyewe. Alice hakuwa mlangoni tena, na Lorna alikuwa amemfuata bila kumtazama mtu.

Mwongera alisimama, akakung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi. "Wapeni wageni maji," alisema. "Waanze safari mapema. Hiyo barabara si nzuri."

Barabara ilikuwa ya lami mpaka Embu, na kila mtu alijua. Gedion alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake, vipya, alivyonunua kwa ajili ya siku hii. Hakumlaumu baba yake kwa neno. Munyi angependa amlaumu.

Wakati wote huo Cicily alikuwa ameuokota mkebe. Alichota managu kwa vidole, akatafuna kwa makini na meno aliyobaki nayo, na uso wake ukakunjika.

"Haina chumvi," alisema. Akatafuna tena. "Wala mafuta. Nani alipika hii kitu?"

Macho yote yakamgeukia Ruguru. Ruguru aliyatazama macho hayo, akamtazama mumewe, akamkumbuka mbuzi.

"Anajipikia mwenyewe, cucu," alimjibu nyanya yule.

Mnong'ono ukapita chini ya turubai. Mwanamume mzima, baba wa kijana, anajichemshia mboga!

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwezi wa nne. Chakula changu hataki. Daktari wa mashine alimwambia akila atakufa, sasa anakufa kwa kutokula."

"Na hana hata tako la kukalia," Cicily alisema, akimkagua Munyi kama anayenunua. "Tazameni hilo koti. Liko peke yake. Maskini!"

"Maskini," aliitikia mtu nyuma.

"Kumbe," Kobia alisema, na uso wake ukalegea, "kumbe si dharau. Mtu huyu ana njaa."

Munyi alielewa mara moja alichopewa. Mbele yake palikuwa na watu wawili wa kuchagua awe yupi: mgeni anayewaogopa wenyeji wake, au mzee anayekufa njaa ndani ya nyumba yenye mke, ng'ombe na viazi. Wa kwanza angerudi Manyatta na heshima yake na mwana asiye na mke. Habari za wa pili zingefika sokoni Embu kabla yake, na Njura angezisimulia mpaka azikwe. Alimtazama Gedion. Gedion bado alikuwa anatazama viatu.

"Ni kweli," Munyi alisema. "Nina njaa."

Na ilikuwa kweli. Lilikuwa neno la kwanza kuhusu tumbo lake, tangu mwezi wa nne, lililotoka kwenye tumbo lenyewe.

Wakamwita Alice. Alikuja na kibuyu kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, na hakukitoa kwa mikono miwili bali alikisukuma kifuani pa Munyi kama mtu anayerudisha mzigo wa wenyewe. Munyi akanywa. Kobia aliinama mbele akilitazama koo, na koo likasonga, likasonga tena, likasahau kusimama. Uji ulikuwa mchachu, mzito, wa baridi. Alipokishusha kibuyu, tumbo lake likanguruma, ngurumo ndefu ya kupanda na kushuka, iliyosikika hadi kwenye migomba.

Wote wakangoja.

"Limeitika," alisema Kobia. "Tuendelee."

Waliendelea. Munyi alitozwa kondoo dume wa kumpoza Alice kwa maneno aliyoutukania uji wake, akakubali mdomo ukiwa umejaa ndizi za kuchoma. Alikula mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa. Alikula nyama, akaomba chumvi. Kila mara Cicily alimwongezea bila kuuliza, akimwambia jirani yake kwa sauti ya kutosha, "Huyu alikuwa anatutoka." Jua lilipoanza kulegea Lorna alitoka jikoni, akasimama karibu na Gedion, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Wakati wa kuagana Cicily alimrudishia Munyi mkebe wake. Kwao, kama kwao Munyi, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Munyi alipoupokea mkono ulimshuka kwa uzito. Akafungua kifuniko: sukari, imejaa hadi ukingoni.

"Hao wageni wako wa tumboni," alisema Cicily, "usiwanyime. Mgeni ukimnyima, anamla mwenye nyumba."

Munyi aliupakata mkebe hadi Manyatta, akisikiliza tumbo. Tumbo nalo lilikuwa limelala. Nyumbani Ruguru alipika chai, akaimimina, akaweka mkebe katikati ya meza na kijiko juu yake, kisha akageuka kufunga dirisha, na akachukua muda mrefu sana kulifunga, mpaka kijiko kikasikika kikombeni.