Laptopu Iliyozima Kabla Harusi Haijaisha

Mimi hupiga video za harusi, na hasira zangu ni za karibu. Nasema mapema ili mama asije akaonekana mkosaji.

Wiki hiyo nilikuwa nyumbani, karibu na soko la Kathonzweni, nikitengeneza video ya harusi ya wazazi wangu mwenyewe. Walikuwa wameishi pamoja miaka yote hiyo, wakaja kubarikiwa kanisani wakiwa na wajukuu. Baba alitaka kuiona kabla ya Jumatatu. Jicho lake moja lilishakufa, la pili lilikuwa linakwenda kupasuliwa siku hiyo, na daktari hakumwahidi kitu.

Sasa kila nikianza kuunganisha video, laptopu inanguruma kidogo halafu inazima, kioo cheusi. Nikiandika barua tu, haizimi. Nikabadilisha chaja, wapi. Nikatoa betri, nikaichomeka kwa stima tu, wapi. Nikaishika chini, nikaondoa mkono haraka kwa moto uliokuwapo. Hapo ndipo nilipokiona kile kitambaa cha kufuma ambacho mama hulaza chini ya kila kitu: redio, thamosi, hata rimoti.

"Mama, hii kitu inapumulia chini. Umeiziba pua."

Niliisema kwa sauti ambayo mtu hamwambii mamake. Alikunja kitambaa chake, akarudi uani kupepeta ndengu.

Nikaiwasha bila kitambaa. Ikazima vilevile.

Basi nikafungua skrubu za chini. Feni ilikuwa imejaa vumbi na maganda ya ndengu, yameshikana kama pamba ya godoro kuukuu. Na nani aliyeweka meza barazani, upande ule ule upepo unakopeleka makapi, ati kuna hewa safi? Ni mimi, siku nne nzima. Niliona aibu sana.

"Pole, mama. Haikuwa kitambaa."

"Nilijua," akasema. "Kitambaa changu kina matundu."

Nilisafisha kwa brashi ya rangi, nikaiinua juu ya vipande viwili vya sabuni ya kufulia. Lakini feni ilishachoka, ilizunguka kwa kusuasua tu, na ilikuwa Jumapili mchana, hakuna duka la kupata nyingine. Mama alitazama, akaenda kuleta uteo wake wa kupepetea ndengu, akaanza kuipepea. Saa nzima alipepea bila kubadilisha mkono. Video ikaisha kuunganishwa, lakini hata kuicheza tu kuliipasha laptopu moto.

Baba akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alipomwona mama anaingia kanisani na gauni jeupe, alicheka peke yake.

"Njoo uone vile ulikuwa," akamwita.

Mama alikuwa bado nyuma ya laptopu na uteo mkononi.

"Nikiacha itazima," akasema. "Tazama wewe. Mimi nitaiona hata wiki ijayo."