Bukari Kwenye Sayari Nyekundu

Sisi tuliokulia mtaa wa Ruashi kabla simu hazijamfanya kila mtoto msanii, hadithi tulizipokea kwa masikio, tumebanana watatu kwenye benchi moja, magoti yamepauka kwa vumbi. Jumamosi moja mwalimu wetu, Metre Kazadi, alifungua daftari akatusomea aliyoiandika mwenyewe: mwanamke anapanda roketi kumfuata mumewe anayechimba shaba kwenye sayari nyekundu. Kampuni imemfutia mume kumbukumbu ili asililie nyumbani. Mke anamsongea bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Mume anakula, analamba vidole, anauliza: "Mama, uko wa wapi?" Naye anaanza kumsimulia maisha yao, tangu mwanzo. Basi, imeisha. Kurasa nane tu!

Darasa zima liligeuka kunitazama. Metre alikuwa jirani yetu, na ile ilikuwa habari ya nyumba yetu. Baba alirudi kutoka migodi ya Zambia, kupitia mpaka wa Mokambo, akiwa ameangukiwa na jiwe kichwani, hamkumbuki hata mmoja wetu. Kila jioni mama alisonga bukari akamsimulia upya. Niliona haya, na papo hapo nikajivuna.

Mwezi uliopita vijana wa Golf, mtaa wa matajiri, waliigeuza hadithi ya Metre kuwa filamu. Saa mbili nzima! Mke amevaa viatu vya visigino virefu, kwenye mchanga wa sayari! Bunduki za mwanga, magari yanaruka, kelele hadi meno yanauma. Bukari hakuna, wanameza vidonge. Na hao ndio wanaotuita washamba, mwiko wenyewe hawajui unashikwa wapi. Mwishoni mke anambusu mume, naye anakumbuka kila kitu, hata siku ya harusi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ningetoka kwa hasira, ila nilikuwa nimemleta mama.

Kijana aliyeitengeneza, amevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, alikuja kumsalimia.

"Mama, filme ilikupendeza?"

"Iko muzuri, mutoto yangu," mama akamjibu. "Ule bwana alikumbuka mbio. Wangu, mupaka kufa, alikuwa ananiita tu 'mama wa bukari'."

Kijana akacheka, akidhani ni utani, akainua simu apige naye picha.

Metre Kazadi, siku alipokula kwetu akasikia baba akimwita mama hivyo, aliacha kula. Alinawa mikono, akamwomba mama ruhusa ya kuiandika hadithi yao.