Mkono wa Bwana Mifugo

Mwaka ule wa tisini na sita, bwana mifugo wa Mpanda alikuwa na vidole vinene kama vya mhunzi, lakini akigusa ubongo wa mnyama alipunguza hata sauti. Malale, aliyetoka Litapunga na kichwa cha ndama wake aliyekufa ghafla, alimtazama akichota punje ya ubongo, akiilaza kati ya vioo viwili na kuvivuta polepole, huku akiguna wimbo wa kwaya. "Bana kwa nguvu basi, bwana mifugo, wenzake wanakufa kule!" Naye, kwa huruma, akabana. Akatia rangi, akainamia hadubini, akatikisa kichwa. "Seli zimepasuka zote, baba. Ninachoona hapa ni mkono wangu, siyo ugonjwa."

Akakitupa kioo kile, akaanza upya, polepole vilevile, na wimbo wake tangu ubeti wa kwanza. Safari hii Malale alibana pumzi. "Njoo uone. Vidoa hivi vya zambarau ndiyo maji moyo, ugonjwa wa kupe. Sindano ipo, waliobaki tunawawahi." Malale, ambaye salamu yake huwaacha watu wakipuliza vidole, alimpa mkono taratibu, kama anayepokea yai.