Inchi Nne za Baba Mkwe

Ezekia Mdemu alijifunzia ufundi wa springi kwenye malori ya mbao ya Mafinga, akilala chali juu ya unga wa msumeno. Kwa miaka kumi na sita alitengeneza magari yanayoshuka na magogo kutoka msituni, mpaka watu wakaanza kumletea na magari madogo ayanyanyue, yasigonge tumbo kwenye barabara za Mufindi mvua zinapokolea. Kazi aliiweza. Hakuwa msemaji, ila gari akilishika haliachii mpaka amelijaribu mwenyewe kwenye mteremko.

Mtu mmoja tu pale mjini hakuwahi kumwita kwa jina. Mzee Bartolomeo, baba wa mkewe Roza, alikuwa na mashine ya kupasulia mbao na kiti cha mbele kanisani, na akimtaja mkwewe alisema, yule anayelala chini ya magari. Mahari aliipokea, lakini siku ya harusi hakuja kula. Aliyemjali Ezekia katika nyumba ile ni mama mkwe, Veronika. Akitoka sokoni alipitia gereji, akakaa juu ya tairi kuukuu, wakaongea habari za mvua na za mjukuu wake Blessing, mtoto wa Ezekia na Roza, kisha akamwachia mahindi ya kuchemsha, kama mtu anayemlisha mwanawe wa kumzaa.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, mzee alinunua pikapu nyeupe. Haikuwa fowili. Ilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, tena ilikaa chini. Mzee mwenzake kanisani alikuwa na gari refu la kupandia kwa kukanyaga ngazi, na jambo hilo Bartolomeo hakuweza kulivumilia. Akaipeleka pikapu kwa mkwewe, kwa kuwa mjini hapakuwa na mwingine wa kuaminiwa kwa kazi hiyo, akasema inyanyuliwe inchi nne.

Ezekia alimweleza kwa heshima kwamba inchi mbili zinatosha. Kulinyanyua gari hakulifanyi kuwa fowili. Tumbo litayakwepa mawe, lakini kwenye tope yatasukuma magurudumu yaleyale mawili, na likizidi kuwa juu litayumba kwenye kona. Mzee akajibu kwamba hakuja kufundishwa. Basi Ezekia akafanya alivyoagizwa. Mbele aliweka vikombe vya chuma juu ya springi. Nyuma alipachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, akavikaza kwa bolti ndefu. Hapo ndipo alipoona kwamba mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kutoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli, umekuwa mfupi. Ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Akaagiza mwingine mrefu kutoka Iringa, akaambiwa utakuja na basi la Alhamisi.

Jumatano saa sita mchana mzee akatokea. Mpwa wake alikuwa anaoa kijijini, chini ya mteremko, na alitaka waalikwa wamwone akiwasili na gari lake. Mama Veronika alisubiri kwenye kivuli cha ukuta, amevaa kitenge kipya. Roza naye alikuwapo, ameshika hotipoti la chakula cha mumewe.

"Baba, breki za nyuma bado," Ezekia alisema. "Mpira huu ni mfupi. Naomba usubiri kesho."

"Gari inasimama, haisimami?"

"Hapa inasimama. Ikiingia kwenye mashimo mpira utakatika, mafuta ya breki yatamwagika."

"Gari ni yangu. Ishushe."

Ezekia alimtazama mkewe. Roza alitazama chini. Kwao baba mkwe hakatazwi mara mbili. Ezekia akaiteremsha jeki kwa mikono yake mwenyewe, akayatoa magogo ya msonobari yaliyolishikilia gari, magurudumu yakagusa ardhi. Angeweza kufungua tairi moja akalificha. Angeweza kusema ufunguo hauonekani. Hayo aliyafikiri baadaye, na hakuna siku aliyoacha kuyafikiri. Gari lilikuwa juu kiasi kwamba Mama Veronika alipopanda ilibidi ashikwe mkono. Alicheka, akasema leo ataiona hadi Iringa.

Hawakufika harusini. Nyuma walikuwa wamepakia magunia ya mchele na kreti za soda, na katikati ya mteremko gurudumu la nyuma lilizama kwenye korongo la maji, mpira ukakatika. Zikabaki breki za mbele tu, nazo hazikuweza kulizuia gari lenye mzigo ule. Kwenye kona likalala ubavu, upande wa abiria. Mzee Bartolomeo alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mkewe alifia palepale barabarani, kabla hawajapata gari la kumkimbiza.

Trafiki waliandika kwamba breki zilishindwa. Kwa nini zilishindwa hawakuandika.

Msibani, siku ya pili, ukoo ulikaa. Aliyekiongoza kikao ni Mzee Gideon, kaka wa marehemu. Bartolomeo aliongea kwa sauti ya chini. Alisema fundi alimwambia gari liko tayari, naye kama mzazi akamwamini. Watu wakageuka kumtazama Ezekia. Ezekia akaeleza yote, habari ya mpira, ya Alhamisi, ya jeki, akamaliza kwa kusema kwamba mkewe alikuwapo na alisikia.

Mzee Gideon akamuuliza Roza kama ni kweli.

"Nilipeleka chakula nikaondoka," Roza alisema. "Sikusikia mazungumzo yao."

Hakuna aliyemuuliza swali jingine. Wakaamua kwamba Ezekia asiguse udongo wa kaburi. Siku ya mazishi alisimama nje ya uzio wa michongoma, akasikiliza nyimbo zikiimbwa kwa ajili ya mama aliyekuwa akimlisha.

Jioni ile alimfuata mkewe nyuma ya jiko la msiba, akamuuliza kwa nini. Roza alikuwa akiosha sufuria na hakuacha kuosha.

"Mama ameshakwenda," alisema. "Nikisema, na baba atakwenda. Wewe ni fundi, utapata kazi popote."

Miezi miwili ikatosha kumaliza miaka kumi na sita. Wateja walipita mbele ya gereji wakienda kwa wengine. Watoto walimnyooshea kidole, huyo ndiye aliyemuua mama mkwe wake. Ezekia alifunga spana zake kwenye gunia, akapanda basi la Mbeya, akapata nafasi ya kibarua kwenye gereji ya mtu huko Mwanjelwa. Roza alibaki kwa baba yake na mtoto.

Kabla mwaka haujaisha, Mzee Bartolomeo alioa. Bibi harusi, Esnath, alikuwa mdogo kuliko Roza. Siku ya kumtambulisha kwa ukoo, alikuja amevaa vitenge vya marehemu. Roza akasimama mbele ya watu wote akasema kila kitu, kuanzia mpira wa breki hadi neno ishushe. Alipokaa, shangazi mmoja akasema anamwonea wivu mama wa kambo. Mzee Gideon alisema ushahidi una siku yake, na siku yake imepita. Baba yake akamwambia amfuate mumewe.

Akamfuata. Alifika Mwanjelwa na begi moja, amemshika Blessing mkono, akamsimulia Ezekia yote pale gereji, amesimama. Ezekia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Msibani ulinyamaza kwa ajili ya baba yako," alisema. "Juzi umesema kwa ajili ya mama yako. Mimi nilikuwa wapi?"

Roza aliliweka begi chini. Ezekia alimpa ufunguo wa chumba, akamwelekeza njia, akarudi chini ya gari.

Mpaka leo wanaishi chumba kimoja. Roza anauza viazi mbele ya nyumba. Ezekia anatoka asubuhi, anarudi jioni, chakula kinakuwa kimefunikwa mezani, anakula. Hajawahi kumfokea wala kumpiga, na Roza amewahi kumwambia jirani kwamba afadhali angemfokea. Blessing yuko darasa la tatu. Ndiye anayemwambia baba kwamba unga umekwisha, na ndiye anayemwambia mama kwamba baba amesema ataleta.