Aoko Alitaka Boma

Kisumu ya miaka ya sitini ilikuwa tamu, asikudanganye mtu. Jumapili wanaume wa bandarini walivaa suruali zilizonyooshwa kwa pasi zikanyooka kweli, wakatembea mjini bila haraka yoyote, na katika wote hao hakuna aliyeringa kama Walter Amolo, fundi wa mitambo ya meli. Mkewe Aoko akikumbuka siku zile hucheka peke yake. Alimpenda mtu yule na viatu vyake vya rangi mbili, alizipenda na santuri zake zilizokuwa zikilia tangu asubuhi. Mpaka leo anazitamani.

Ila jambo moja lilimkosesha raha. Walter hakuwa ameanzisha boma lake. Kwa Wajaluo, mwanamume hajengi tu popote anapopapenda. Siku ya kuhama hutoka kwa baba yake alfajiri akiwa na jogoo wa kuliwa huko waendako, mwana wa kwanza akibeba shoka, mke akibeba moto, na baba huyo mwenyewe akiwatangulia hadi mahali papya. Nyumba husimama siku hiyo hiyo, nao hulala humo; tangu hapo ni pao, hata mume akifa. Akifa kabla ya hapo, huzikwa kwa baba yake, na mjane hubaki pale kwa hisani ya mashemeji. Dada yake Aoko hisani hiyo aliionja: walimtolea sufuria nje watoto wakitazama.

Walter akajenga nyumba Nyamasaria, kando ya mji, ya matofali na mabati, akajiona amemaliza kazi.

“Mama Okeyo, nyumba si hiyo? Unataka nini tena?”

“Nyumba ninayo, Baba Okeyo. Boma ndilo sina. Ukifa leo watakupeleka kwa mzee, na mimi nyuma yako.”

“Kumbe unanizika na bado nakula ugali wako,” akasema, akageuza santuri.

Alikuwa na kichwa kigumu, Mungu amrehemu. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Na kila mwaka baba yake kule kijijini Seme alizidi kuumwa magoti, ilhali bila mzee wa kumtangulia, mambo yangekuwa magumu zaidi.

Aoko akachoka kungoja. Akanunua samaki wazuri pale ufukweni Dunga, akapanda basi hadi Seme. Mke wa mwana haongei ovyo na baba mkwe, basi akakaa jikoni na mama mkwe, akamwaga yote, na machozi juu. Yule mama alisikiliza huku akiparua samaki, kisha akanawa mikono na kwenda kwa mumewe. Wiki iliyofuata Walter aliitwa nyumbani. Alikwenda akinung’unika njia nzima.

Wakahama, kwenda kipande cha shamba alichowapa mzee. Mzee alitangulia na fimbo yake, akipumzika kila hatua chache, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Jioni nyumba ya udongo ilikuwa imesimama, kuta zake hazijakauka. Cha ajabu, Walter ndiye aliyepapenda kuliko wote. Likizo zake zote alizimalizia pale, akapanda miti, akaleta na santuri. Miaka ile michache Aoko angeibadilisha na nini?

Mwaka wa sabini na nne kifua kilimchukua Walter. Walimzika palepale, ubavuni mwa nyumba.

Matanga yalipokwisha, kaka yake mkubwa alikuja akiwa na vijana na majembe. Akapita langoni hadi uani na kusema, “Shemeji, funga vitu vyako urudi kule kwa mzee. Shamba hili tutalilima sisi.”

Aoko hakuinuka kwenye kigoda chake.

“Shemeji, hili ni boma la mtu. Baba yako ndiye aliyetuleta hapa kwa miguu yake, na wewe ulikuwepo, ulikula yule jogoo. Rudi nje, uje kama wageni wanavyokuja.”

Vijana wakatazama chini. Yule bwana aliliangalia kaburi la mdogo wake, akaangalia nyumba, akarudi kinyumenyume mpaka nje ya lango.

“Hodi,” akasema.

Aoko hakuitika upesi. Alitaka kuisikia tena.